Mwache apite kwanza

Kwa kawaida klabu yetu ya wapenda ndege hapa Mwanza huzungumzia urubani: upepo wa ziwani, bei ya mafuta, nani amebakiza saa ngapi apate leseni. Jumamosi tulimkaribisha mzee aliyepigana Vita vya Kagera. Hajawahi kurusha ndege. Kazi yake ilikuwa kuzitungua.

Tulipomwamkia aliitikia, akakataa kiti, akaomba fimbo ya pazia na kuiweka begani. Ndivyo walivyobeba kombora la Strela, kilo 15 hivi, kutoka Kagera kuingia Uganda.

"MiG ikikujia usoni, mwili wote unataka ufyatue," alisema. "Usifyatue. Mwache apite kwanza."

Strela zile za mwanzo zilifuata joto linalotoka nyuma ya injini. Ukifyatua ndege ikiwa inakuja, kombora halioni kitu. Kwa hiyo unaiacha ipite juu yako na mabomu yake, ndipo unageuka, unaielekea mkiani na kusubiri taa na mlio vikuambie kombora limeshika joto. Tena uwe makini na jua, maana nalo ni joto. Alipofika hapo alizungusha fimbo taratibu kufuata ndege aliyoiona yeye peke yake, mdomo umefumba. Ukumbi mzima tuligeuza shingo pamoja naye.

Mimi ni mwanafunzi wa urubani. Kwangu joto la injini ni mshale kwenye dashibodi. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu chini alilisubiri joto hilo huku akijua anaweza kufa kabla halijamfikia.

Mwenzetu mmoja akauliza kuhusu Machi 1979, pale Tupolev ya Libya, iliyokuja kumsaidia nduli Amin, ilipoulenga mji wetu na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saa Nane, yakaua wanyama. Mzee alikuwa ameshaipita Masaka. Mkewe na watoto walikuwa hapa Mwanza. Habari zilimkuta mbele huko, na silaha yake begani isingeweza kumsaidia yeyote nyumbani. Hapo ndipo alipokaa.

Hatukuwa na kinasa sauti, na hilo linaniuma. Amekubali kurudi mwezi ujao, na safari hii tutarekodi. Kama una baba au babu aliyekuwa vitani kule, awe mpiganaji, fundi au dereva wa malori, mlete. Usafiri tutachangishana.