Bunju, giza na kamba wa plastiki

Titusville, Florida, ni mji wa roketi. Ukisimama ufukoni unaliona jengo kubwa la Kennedy Space Center ng'ambo ya maji, urefu wake mita 160, na kila mkazi anajua siku na saa ya chombo kitakachofuata kurushwa. Wenye nyumba za wageni wanaijua vizuri zaidi. Nilifika mwezi Agosti, wiki yenye roketi, nikakuta bei ya chumba imepanda karibu mara mbili ya ile niliyoiona mwanzo, godoro limebonyea katikati, na kiyoyozi kinanguruma usiku kucha bila kuleta ubaridi. Nikalipa. Hakukuwa na kwingine.

Mimi sikufuata roketi. Nilifuata maji ya Indian River Lagoon, ziwa refu la maji ya chumvi pembeni mwa bahari, na hasa kile kipande chake cha kaskazini kiitwacho Mosquito Lagoon. Kwa miaka nilikuwa nikisikia kwamba huko watu wanavua samaki wazito kwenye maji ya magotini, na chambo chao ni kamba wa plastiki. Habari hiyo ilikuwa ikinikera. Nimelelewa kwenye mshipi wa mkono. Kwetu pwani chambo ni kitu kilicho hai, au kilichokuwa hai asubuhi ile ile: uduvi, kamba, ngisi aliyekatwa vipande. Samaki anafuata harufu. Ndivyo wazee walivyotufundisha, na nilikuwa sijapata sababu ya kuwabishia.

Duka la chambo linafunguliwa kabla ya alfajiri. Kamba hai wanauzwa kwa dazeni kutoka kwenye tangi, na muuzaji alinitahadharisha kwamba kwa joto lile watakufa ndooni mapema kama sina pampu ya hewa. Pampu nayo anayo, inauzwa. Nikahamia kwenye ukuta wa chambo bandia. Pakiti ya kamba watatu ilizidi dola 6. Watatu tu, wa plastiki! Juu yake leseni ya kuvua: mgeni asiye mkazi wa jimbo analipa dola 17 kwa siku tatu au dola 30 kwa siku saba. Ukiwa kwenye boti ya kukodi, leseni ya nahodha inawafunika abiria wake, lakini ukishuka majini peke yako na fimbo mkononi, unatakiwa uwe na yako. Nikachukua ya siku saba. Nahodha wa kukodi ndiye aliyemaliza mfuko: mamia ya dola kwa nusu siku, na bakshishi inasubiriwa juu yake.

Lakini yule kamba, nilipomweka kiganjani, nilikaa naye muda mrefu. Urefu wake inchi tatu, uzito kama gramu saba. Mwili ni laini, unapinda kidole kikiugusa. Macho meusi yametokeza pembeni. Risasi ndogo imefichwa chini ya kifua, na ndoana imechomoza ikitazama juu, ili isikwaruze chini. Kwa sababu uzito umekaa pale, hazami kichwa kikitangulia. Anashuka amelala sawasawa, taratibu, na vile vijiguu vyake vinatetemeka njia nzima. Nilimjaribu kwenye sinki la chumbani mara kadhaa. Kamba halisi akiacha kuogelea anashuka vile vile.

Boti ya nahodha ilikuwa bapa, bila kingo za maana, na nyuma ina jukwaa refu juu ya injini. Tulipita Haulover Canal, mfereji uliochimbwa miaka ya 1880 kuunganisha Indian River na Mosquito Lagoon, kisha akazima injini, akapanda jukwaani na kuanza kusukuma kwa upondo. Upondo! Tofauti na ule wa kwetu ni kwamba wake umetengenezwa kwa nyuzi za kaboni na unagharimu kuliko ngalawa nzima. Kushoto mikoko, kulia maji yasiyo na mwisho, na mkizi wanaruka kila upande. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, tunasema, ila pale hakuna aliyewajali. Walikuwa dalili tu kwamba wakubwa hawako mbali.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba upande ule wa kusini wa Mosquito Lagoon hauna kupwa wala kujaa kwa kuonekana. Mlango wa bahari uko mbali, kaskazini, na maji yanasogezwa na upepo kuliko mwezi. Kalenda yangu yote ya bamvua na maji mafu ikawa haina kazi. Nahodha alisoma upepo, kivuli na mikia ya samaki.

Mafundisho yake yalikuwa machache. Tupa mbele ya samaki, hatua kadhaa, usimwangukie kichwani. Mwache kamba ashuke. Mtingishe kidogo kwa ncha ya fimbo, kisha mwache tena. Kamba anayetembea huenda mbele polepole, akitishika anajirusha kinyumenyume kwa mkia, halafu anatulia. Anayekimbia moja kwa moja bila kusimama hayuko baharini popote. Kinachokamatisha ni kule kutulia. Na samaki anapomla hamng'ati, anafumbua kinywa ghafla na maji yanaingia pamoja na kamba, na akigundua si chakula anamtema papo hapo. Kwa hiyo macho yanakaa kwenye mshipi. Ukiona umesogea kando hata kidogo, kaza.

Redifishi wa kwanza alikuja hivyo. Niliona mkia wake juu ya maji, rangi ya shaba, na lile doa jeusi karibu na mkia, kichwa kimezama kwenye nyasi akitafuta chakula. Kamba akashuka mbele yake. Nikatingisha mara moja. Mshipi ukasogea kushoto. Sitaeleza mengi, kwa sababu aliyewahi kushika samaki wa namna ile kwenye maji ya magotini anajua, na nahodha alimrudisha majini nikiwa bado natetemeka mikono. Septemba 2022 ilipigwa marufuku kubaki na redifishi kutoka Indian River Lagoon yote. Unamvua, unamtazama, unamwachia. Sheria ile niliiunga mkono pale pale. Akanusa tope, akapiga mkia, akaenda zake. Hakuwa amefuata harufu yoyote, na hilo lilinifanya nikae kimya kwa muda.

Baada ya hapo wakaja bunju, wale samaki wanaojaa hewa.

Mguso wao ni mwepesi, kama mtu anayebofya swichi. Unakaza, hakuna kitu. Unavuta, unakuta kamba hana mkia. Umekatwa mstari mmoja safi, hauna alama ya kutafunwa. Bunju ana meno manne yaliyoungana kuwa mdomo wa kasuku, na plastiki laini kwake si kitu. Nikafunga mwingine. Mguso, tena hana mkia. Wa tatu alirudi amebaki kifua na ndoana. Kila mguso nilihesabu dola. Nilimwomba nahodha tuhame, tukahama, wakatufuata au walikuwa wametutangulia, sijui, wakala nusu ya pakiti ya pili. Nimekutana na bunju maisha yangu yote, kwetu tunawatupa kwa mguu, lakini sijawahi kukutana na kundi linalofanya kazi kwa bidii namna ile.

Mmoja hatimaye alinasa. Akajaa hewa mikononi mwangu, ngozi ikakakamaa, akawa anaguna. Nahodha alishuka jukwaani haraka kuliko nilivyomwona akifanya lolote siku ile, akaniambia nimrudishe majini na ninawe mikono. Kuanzia mwaka 2002 watu waliokula bunju waliovuliwa maeneo haya haya ya Titusville waliugua vibaya, ganzi midomoni na kwenye vidole, wengine wakashindwa kupumua. Ikachunguzwa, ikaonekana si ile sumu ya bunju tunayoijua ya maini na mayai. Ilikuwa saksitoksini, na iko hadi kwenye mnofu, na kupika hakuiondoi. Tangu hapo ni marufuku kuchukua bunju yeyote kwenye kaunti tano za pwani hii: Volusia, Brevard, Indian River, St. Lucie na Martin. Saksitoksini haitengenezwi na bunju mwenyewe. Inatoka kwa kijidudu cha majini kisichoonekana kwa macho, Pyrodinium bahamense, kinachojaa kwenye lagooni wakati wa joto.

Nilikuwa nikikusanya kamba waliokatwa kwenye mfuko ili niwatupe nchi kavu. Nahodha akauchukua mfuko wangu, akaanza kuchagua. "Hawa ndio wazuri," akasema, "bunju amekufanyia kazi ya kisu." Akachukua mmoja asiye na mkia, akachomoa ndoana na risasi, akaingiza ndoana nyingine, yenye shingo iliyopinda, kupitia pale palipokatwa, akaitoa tumboni, akazungusha na kuificha ncha ndani ya plastiki. Sasa mshipi unafungwa upande wa mkia, na kamba anakwenda kinyumenyume, mkia mbele, hivyo hivyo anavyokimbia akitishwa. Tena ndoana iliyofichwa haikusanyi nyasi. Alitengeneza kadhaa bila kunidai chochote. Niliongeza bakshishi kwa moyo mweupe, baada ya kununa asubuhi nzima kuhusu bei yake.

Siku zilizofuata hazina la kusimulia. Upepo ulivuma, mvua ya alasiri ilikuja na radi, roketi iliahirishwa na chumba hakikushuka bei.

Usiku mmoja upepo ulikufa. Nilikodi kayaki, nikaenda karibu na mfereji baada ya giza kuingia, nimejipaka dawa ya mbu hadi masikioni. Nilipochovya kasia, maji yaliwaka. Rangi ya buluu iliyopauka, ikazunguka kasia, ikazimika. Mkizi mmoja aliposhtuka chini yangu, mstari wa mwanga ulimfuata njia nzima. Ni kile kile kijidudu, Pyrodinium, chenye kuwasha maji usiku wa kiangazi na kutia sumu kwenye nyama ya bunju.

Nikatupa mmoja wa wale kamba waliokatwa. Alipogusa maji paliwaka duara. Halafu nikamwona akishuka. Nilimwona! Cheche ndogo zikimzunguka, zikififia kadiri anavyotulia. Nikamtingisha, akaruka kinyumenyume na kuacha mchirizi. Mchana wote nilikuwa nikiamini tu kwamba chini huko anafanya alivyoambiwa. Usiku ule nilimtazama akifanya. Ndipo kutoka pembeni ukaja mwanga mpana zaidi, wa haraka, ukafika pale alipokuwa, na fimbo ikapinda.

Alikuwa trauti ya madoa, mwenye meno mawili marefu mbele na kinywa chororo kinachochanika ukivuta kwa pupa. Nilimleta polepole. Kwenye pwani hii anayeruhusiwa kuchukuliwa ni wa inchi 15 hadi 19, na huyu alikuwa ndani ya kipimo, lakini chumbani kwangu hapakuwa na jiko wala friji ya maana. Nikamwachia, akaondoka akiwaka. Walikuja wengine hadi mkono ukachoka.

Nikiwa juu ya kayaki ile niliwaza sana kwetu. Kamba tunaowachoma kwenye ndoana leo wangeuzwa hotelini kwa bei inayowazidi samaki wengi tunaowawinda nao. Wanawake wanaotanda uduvi wanalalamika kila msimu kwamba wanapungua. Kamba mmoja asiyekufa ndooni, anayevua samaki mmoja baada ya mwingine, ni kitu cha kufikiriwa na mvuvi mdogo, hata kwa bei ile mbaya.

Kinachonizuia ni ile mikia. Iko wapi? Iko tumboni mwa bunju, au chini ya maji. Na maji yale yameumia tayari. Mlipuko wa mwani wa mwaka 2011 uliziba jua, nyasi za baharini zikafa maeneo makubwa, na kufikia 2021 nguva zaidi ya 1,000 walikufa Florida kwa mwaka mmoja, wengi kwa njaa kwenye pwani hii ya mashariki. Ilibidi watu wawalishe letusi kwa tani majira ya baridi. Nahodha alinionyesha pale palipokuwa na nyasi za kufika gotini. Ni mchanga mtupu. Sitaki kupeleka kwenye mikoko yetu chambo kinachoacha nusu yake majini kila bunju anapopita.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka nilirudi dukani kutafuta kamba wa plastiki ile ngumu inayovutika bila kukatika. Bei yake imezidi hata wale wa kwanza. Nilinunua wachache, wa rangi ya maji na wa kahawia, na mfuko wa waliokatwa nimeubeba pia. Bamvua lijalo naingia nao mkondoni na mjomba wangu, yeye na ndoo yake ya kamba hai, na bunju wa kwetu tunawajua wanakokaa.