Mdagu wa Baba

"Mama, mbona huu haunyweshwi?" Mwanangu kaniuliza juzi, kikombe cha maji mkononi. Mdagu wangu, ule mmea wa nyikani, umepukutika wote, umebaki matawi kama vidole na lile shina lake lililovimba chini. Nikamjibu umelala. Nilimwona hakuridhika.

Wa baba ulikuwa hirimu yangu. Aliuotesha mwaka niliozaliwa, kwa mbegu alizookota nyikani, zile zenye manyoya ncha zote mbili. Nilipofika miaka tisa kikaja kiangazi kikali, majani yakaanguka yote, nami nikaamua unakufa. Kila jioni, kabla baba hajarudi, niliumiminia kopo zima. Siku nyingine mawili.

Nakumbuka kidole gumba chake. Alikiweka kwenye shina kama mtu anayebonyeza embe kujua limeiva, kikazama. Yakatoka maji ya kahawia, na harufu ya viazi vilivyoozea guniani. Baba hakusema kitu. Alileta kisu, akakata, akatazama: kahawia. Akapanda juu kidogo, akakata tena. Bado. Kila pande lilipoanguka nilikuwa nahesabu makopo yangu. Mwisho likabaki tawi moja, urefu wa kiganja, nyama yake nyeupe, likaanza kudondosha maziwa.

"Usiguse," akasema. "Watu walipaka mishale utomvu huu." Akanituma nikanawe, ilhali sikuwa nimegusa chochote.

Tawi akalilaza kivulini siku kadhaa, jeraha likauke, ndipo akalichomeka mchangani.

"Ni ile mvua ya mwezi uliopita," akasema akipangusa kisu. "Maji yalituama."

"Ndiyo, baba," nikasema.

Likashika. Huu wangu ni kipande cha lile. Hutoa maua mekundu yenye weupe kooni, bila jani hata moja, ila shina halijawahi kunenepa kama la kwanza. Vya kuchomeka mara nyingi huwa hivyo. Na baba, mpaka uzeeni, kila mgeni aliyeusifu alisimuliwa habari za ile mvua. Akifika pale kwenye maji kutuama alikuwa akinitupia jicho. Au labda nilijidhania tu.

Leo asubuhi nimekuta kikombe kitupu kando ya mdagu, udongo umelowa. Nimekirudisha jikoni. Sijamuuliza mtu.