Tungule za Kopo

Nimezaliwa na kukulia Ilula. Aliyewahi kupanda basi la Dar kwenda Iringa anapajua hata kama jina limempita: ukishamaliza kona za Kitonga, mbele kidogo basi linapunguza mwendo, na kabla halijasimama vizuri madirishani vimeshainuliwa vindoo vya nyanya na sauti za akina mama, "Chukua sado kaka, hiyo sado chukua!" Sado ni kile kindoo cha lita 4 kilichobeba rangi ya ukuta kabla hakijapandishwa cheo kuwa kipimo cha nchi nzima.

Kwa hiyo nyanya kwetu hazikuwa chakula tu. Zilikuwa ada, sare, na sababu ya baba kununa. Alikuwa na ekari moja na nusu, akilima nyanya aina ya Cal J na baadaye Tengeru 97, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuchuma, kuchambua na kupanga kwenye matenga ya mbao, ngumu chini, laini juu, nyasi zikifunika. Nyanya zikikataa shambani tunalia. Zikikubali tunalia zaidi, maana zinakuwa zimekubali kwa kila mtu, na dalali anakuja na bei ambayo haitoshi hata kununulia hilo tenga. Mwaka mmoja tuliziacha chini. Harufu ya shamba zima la nyanya zinazooza juani sijawahi kuisahau, na kwa muda mrefu niliamini hakuna binadamu mwenye akili timamu anayeweza kutoa hela yake kununua nyanya dukani, achilia mbali za kwenye kopo.

Septemba 2010 nikaenda Sheffield, Uingereza, kusoma shahada ya pili. Nyumba tuliyopanga ilikuwa Crookes, juu kabisa ya kilima, wapangaji watano, jiko moja. Vijana wawili Waingereza, dada mmoja Mchina, mimi, na Mwomani aliyekuwa akisoma uhandisi wa kemikali. Huyo Mwomani alikuwa mpole, anasalimia kwa kichwa, anaingia chumbani kwake. Tulizungumza Kiingereza cha kuombana chumvi. Dosari yake moja tu: alikuwa akioga asubuhi mpaka maji ya moto yanakwisha, na wengine tunanawa uso kwa ujasiri.

Nyanya mbichi za kule, wiki yangu ya kwanza, zilinishinda. Nyekundu, zimepangwa sita sita kwenye trei kama mayai, ukizikata ndani zimejaa maji na hazina ladha yoyote. Bei yake nikiigeuza kuwa shilingi nilikuwa nasikia sauti ya baba. Pembeni ya rafu nikaona makopo ya gramu 400 yenye picha ya nyanya, chini ya nusu pauni. Nikafurahi. Kwetu ukisema "nyanya ya kopo" unamaanisha ile nzito, ya kijiko kimoja inayotosha sufuria nzima, kwa hiyo nikahesabu kwamba kopo moja la ukubwa ule litanivusha mpaka Krismasi. Nilipolifungua nikakuta maji mekundu na nyanya nzima nne zimemenywa maganda, zimelala humo kama vitu vya maabara. Nikachota kijiko kimoja kama nilivyozoea, nikatia kwenye mayai, kopo nikalirudisha kwenye friji likiwa wazi. Siku ya tatu ladha yake ilikuwa kama kulamba funguo. Nikalaani, lakini sikuacha kununua. Ilikuwa ndiyo nyanya niliyoimudu.

Halafu ikaja theluji. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, siku ya Jumatano, iliporomoka usiku kucha bila kelele. Asubuhi nilifungua mlango nikakuta ukuta mweupe umenifika magotini. Mabasi yamesimamishwa. Sheffield ni mji wa vilima, na kile cha kwetu ukiteleza juu unasimamia mjini. Redio ikawa inataja shule zilizofungwa, moja baada ya nyingine, kama matangazo ya vifo. Dada Mchina alijaribu kwenda duka la jirani akarudi na biskuti na habari kwamba mkate na maziwa vimekwisha. Mmoja wa Waingereza akatoa maharage yake ya kopo yenye sukari, akayaweka mezani kama mtu aliyetoa mchango wake wa harusi na sasa anasubiri kula.

Mimi nilikuwa na makopo manne ya nyanya, vitunguu, kitunguu saumu, mafuta, na bizari niliyofungiwa na mama kwenye karatasi ya daftari. Nikajitolea kupika. Nikiri tu kwamba nyumbani sikuwa mpishi; nilikuwa mlima nyanya, na hizo ni kazi mbili. Opena yetu ilikuwa imekufa meno. Nikatoboa kopo kwa ncha ya kisu na kukipiga kwa ubapa wa mwiko, mdomo wa kopo ukabaki umechanika kama wa mbwa, mchuzi ukanirukia kifuani. Vitunguu nikavitia kwenye mafuta, vilipoanza tu kulainika nikamwaga makopo mawili kwa mpigo, nikafunika. Dakika kumi baadaye nikaonja. Chachu tupu. Mafuta yamekimbilia pembeni, nyanya zinaelea, vitunguu vinameremeta vibichi.

Nilikuwa nimesimama hivyo, mwiko mkononi, Mwomani alipoingia kutafuta chai. Akapita nyuma yangu, akachungulia sufuria, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea mwenyewe:

"Tungule hazijawiva hizi."

Sikugeuka mara moja. Nilidhani ni Kiarabu kimefanana. Halafu ubongo ukalirudia lile neno. Tungule, yaani nyanya. Bara hatulisemi, lakini tulikuwa na mwalimu kutoka Unguja sekondari ambaye darasa zima tulimcheka siku alipoagiza tungule dukani.

"Umesema nini?"

Akashika mdomo. Kweli kabisa, aliushika kwa kiganja, kama mtoto aliyetukana mbele ya wakubwa.

"Nimesema... tungule. Hujazikaanga. Umezichemsha."

"Wewe unajua Kiswahili!"

"Changu cha bibi," akasema. "Cha jikoni. N'naona haya kukisema."

Bibi yake alizaliwa Unguja. Waliondoka 1964 yeye akiwa msichana, wakakaa Mombasa miaka kadhaa, na baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, familia ikahamia Maskati. Huko mzee wa kike akalea watoto, kisha wajukuu, kwa lugha aliyotoka nayo. Rafiki yangu huyu alikuwa na Kiswahili cha ajabu: kila chombo cha jiko anakitaja, mbuzi ya kukunia, kawa, chungio, mchi, kila namna ya kukaripiwa anaijua, lakini ukimuuliza "benki" au "mtihani" anageukia Kiingereza. Alijifunza lugha akiwa na urefu wa meza, na ikabaki na urefu huo.

Kisha likanijia jambo jingine, tumbo likanipoa. Miezi mitatu mizima nilikuwa nikipiga simu nyumbani nikiwa nimesimama koridoni, mlangoni kwake, kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipokuwa unashika. Na kwa sauti ya mtu anayeamini hakuna wa kumwelewa.

"Kwa hiyo zile simu zangu..."

"Yakhe," akasema, akitafuta chujio la chai ambalo lilikuwa mbele yake, "siku hizi naoga dakika tano."

Tulicheka mpaka dada Mchina akaja kuangalia kuna nini.

Baada ya hapo akaninyang'anya mwiko, akamimina nyanya zote kwenye bakuli, akaosha sufuria. Nilipinga, akaniambia bibi yake angeniona angenitwanga na huo huo mwiko mkononi. Akaweka mafuta mengi kuliko niliyothubutu mimi, vitunguu vikakaangwa mpaka rangi ya kahawia, si ile ya njano ninayoiona mimi naridhika. Kitunguu saumu na bizari vikaingia, harufu ikapanda ngazi, mlango wa juu ukafunguka. Ndipo akarudisha nyanya, lakini si zote. Zile nzima alizitoa kwenye maji yake, akazifinya kwa mkono, moja moja, ndani ya sufuria, akiziba kwa kiganja kingine zisiruke. Akaziacha zikaangike, moto mkali, akizikandamiza kwa ubapa wa mwiko kila zinaposhika chini. Yale maji aliyatia mwisho.

"Sasa usikoroge ovyo. Subiri mafuta yarudi juu."

Yakarudi. Sijui mara ngapi nimemwona mama akifanya hivyo hivyo kwenye figa, nikadhani anapumzika.

Makopo mengine mawili yalikuwa ya nyanya zilizokatwakatwa, nayo hakuyataka. Akanionyesha maandishi madogo ubavuni: kloridi ya kalsiamu. Hapo akahamia Kiingereza, mhandisi akaamka. Wanaitia ili vipande vibaki vigumu, visivurugike, akasema. Ndiyo maana utavipika saa nzima na bado unavikuta kama vilivyokuwa. Ukitaka rojo la haraka nunua nzima, zinavunjika zenyewe. Na kopo likishafunguliwa zihamishie kwenye bakuli, nyanya ina asidi, inakula bati. Nilimwambia najua, nimelamba funguo.

Chachu ilikuwa imebaki kidogo. Mimi nikachangia sayansi ya kwetu: magadi soda niliyonunua kwa ajili ya maharage, bana ya vidole viwili. Mchuzi ukafura povu, tukarudi nyuma wote, ukatulia, ukawa mtamu. Akanitazama kwa heshima kwa mara ya kwanza siku ile.

Akapanda chumbani akashuka na mchele wa basmati, makopo mawili ya jodari, na mfuko wa vitu vyeusi vidogo kama mavi ya mbuzi yaliyokomaa. Ndimu zilizokaushwa juani, lumi. Alizitoboa mbili kwa kisu akazidumbukiza, kisha jodari juu, bila kuvuruga, dakika tano tu. Wali ulipoiva mchuzi nao ulikuwa tayari. Ukiondoa muda wangu wa kuharibu, kazi yote haikufika nusu saa.

Tulikula watano, madirisha yamejaa mvuke, nje kimya. Mwingereza wa maharage alikomba sufuria kwa biskuti ya dada Mchina na hakuona aibu. Mimi nilikula kwa mkono, Mwomani akaniangalia, akaweka kijiko chake kando naye akatia mkono. Chachu ya ile ndimu kavu ikichanganyika na nyanya inafanya kitu fulani pembeni ya ulimi, nyuma kule. Mpaka leo nikiwa na haraka huwa napika hivyo hivyo, na ndimu kavu nikizikosa nakamua ukwaju, haifanani lakini inakwenda.

Jioni akafungua kompyuta jikoni, akampigia bibi yake kwa Skype. Nilitaka kuondoka, akanivuta shati. Kwenye skrini akatokea mama mtu mzima, mtandio wa maua, miwani imeshuka puani, amesogea mno hivi kwamba tunamwona paji la uso na jicho moja.

"Shikamoo bibi."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Marahaba mwanangu," akasema taratibu. "Nani huyo anayeniamkia? Rudia tena."

Nikarudia. Mjukuu wake akamweleza: huyu katoka Tanzania, bara, kwao wanalima tungule, na leo kanipikia tungule za kopo hajui hata kuzikaanga. Bibi alicheka kicheko kirefu, akauliza kwetu ni wapi, nikasema Iringa, akasema hajafika ila alisikia kuna baridi. Akauliza Darajani siku hizi kukoje. Nikamwambia kweli yangu, kwamba sijawahi kuvuka maji kwenda Unguja. Akanyamaza kidogo. "Nenda," akasema. "Ukale urojo pale Forodhani, kisha uniambie."

Halafu akasogea zaidi kwenye kamera, jicho likajaa skrini.

"Na hivyo vya dirishani nyuma yako ni vitu gani?"

Niligeuka. Pale kwenye kizingiti cha dirisha nilikuwa nimepanga makopo yangu matupu tangu Septemba. Moja la vijiko, moja la kalamu, moja nimeotesha kitunguu kilichochipua, mawili sijayapatia kazi bado. Waingereza walishaniuliza mara mbili kama natafuta mfuko wa taka, na mimi sikuwa na jibu la kuwapa. Kwetu kopo lilikuwa koroboi, kipimo cha karanga, gari la mtoto. Hatukuwahi kuona kopo likitupwa.

"Makopo bibi," nikasema. "Ya tungule."

"Umeyaosha ukayaweka?"

"Ndiyo bibi."

Akageuka kumwambia mtu aliyekuwa chumbani naye, ambaye sisi hatukumwona:

"Njoo umwone. Huyu kweli katoka kwetu."