Miguu ya mwanangu na gari la mnada

Mwanangu alizaliwa mwaka 2020, kwenye boma la wakwe zangu upande wa Gelai, wilaya ya Longido. Nyayo zake mbili zilikuwa zinatazamana kama viganja vya mtu anayepiga makofi. Aliyempokea ni bibi yake mwenyewe, mama mkwe wangu, ambaye sote pale bomani tunamwita koko. Alivishika vile viguu, akanyamaza, kisha akaagiza mafuta ya kondoo. Akawa anavikanda asubuhi na jioni. Vilikuwa vinalegea chini ya vidole vyake, lakini akiachia tu vinarudi palepale.

Siku ya chanjo nikamwonyesha mhudumu wa zahanati. Akasema vitanyooka akianza kutembea. Mimi nimefika kidato cha nne na Kiswahili nakimudu, lakini kubishana na mtu aliyevaa koti jeupe sikufundishwa. Nikarudi nyumbani na miezi mitatu ikapotea hivihivi. Mwalimu wa shule yetu ndiye aliyemwona mtoto nimemlaza kivulini, siku ya mkutano wa wazazi. "Mama, huu ni mguu kifundo," akasema. "Arusha wanautibu. Usingoje atembee."

Nikaenda. Daktari akanieleza njia wanayotumia, ya Ponseti, Mhispania aliyekuwa daktari Iowa, Marekani. Mguu unavutwa taratibu kwa mkono mpaka pale unapokubali, unafungwa hogo, yaani bandeji ya plasta inayokauka ikawa ngumu, kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Baada ya wiki hogo linatolewa, mguu unavutwa tena kidogo, linafungwa jipya. Mara tano, sita, pengine saba. Mwishoni watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, kisha hogo la mwisho linakaa wiki 3. Halafu vinakuja viatu vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, baadaye usiku na usingizi wa mchana tu, hadi mtoto afike miaka 4 au 5.

Katika maneno yote hayo mimi nilibaki na moja: wiki.

Kwetu gari ni la mnada. Lori linatoka mara moja kwa wiki, siku ya mnada, watu juu, mbuzi chini. Mnada wetu ni Ijumaa na kliniki ya miguu ilikuwa Jumatatu. Yaani nafika Ijumaa usiku, nangoja siku mbili, mtoto anafungwa hogo, halafu nangoja tena hadi lori lirudi. Nikifika bomani ni wakati wa kuanza safari upya. Pale kliniki mama asiyerudi anaandikwa mtoro. Nilipoliona neno hilo kwenye daftari, mbele ya majina ya akina mama wa kwetu, nilikasirika. Hakuna aliyetoroka. Walikosa lori.

Mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi matibabu kwenye hospitali za serikali, sera ndivyo inavyosema. Nauli, chumba na chakula vilikuwa juu yangu, na mimi mbuzi nawakamua lakini wa kuwauza ni mume wangu, naye hauzi bila neno la baba yake. Baba mkwe alikuwa amekwisha sema kwamba wiki zote hizo mjini ni za mwanamke aliyechoka kuchota maji.

Nikaenda kwa koko kwanza. Sikumweleza habari za daktari wala za Iowa. Nilimwambia, "Koko, yule wa Arusha anafanya kama wewe tu. Tofauti ni kwamba akishauvuta hauachii, anaufunga ubaki hapo." Akanitazama, akavipitisha vidole vyake hewani kama bado ameushika ule mguu. "Mimi nilikuwa naachia," akasema. Sijui alizungumza nini na mzee usiku ule. Asubuhi walitolewa mbuzi wanne.

Kaka yangu ni mlinzi huko Arusha, mtaa wa Sakina, ana chumba kimoja. Tulikaa pale hadi hogo la mwisho. Yeye analinda usiku, analala mchana, kwa hiyo mchana natoka na mtoto kuuza ugoro ili tusimalize mbuzi. Mtoto mwenye hogo mbili mbelekoni hakai. Magoti yamekunjwa na ni mzito kama jiwe la kusagia, ikabidi nimbebe ubavuni. Kila saa natazama vidole vyake: nikikibonyeza kinakuwa cheupe, lazima damu irudi upesi. Kikiwa cha baridi au kimebadilika rangi, mbio kliniki. Wiki ya tatu paa lilivuja tukiwa tumelala. Nikaamka hogo la kushoto limekuwa uji. Ule mguu ulirudishwa nyuma hatua moja, nami nikalia kuliko alivyolia mtoto.

Viatu tulivyopewa ni vya ngozi, vya aina iliyobuniwa Uganda na mtu aitwaye Steenbeek, pale Katalemwa, kituo cha watoto wenye ulemavu. Nyuma vina tundu. Ukichungulia usipoona kisigino kimekaa chini, hujamvisha. Kazi ikawa kumfundisha koko saa 23, maana yeye hana saa na mimi nashinda kwenye maji. Tukakubaliana hivi: jioni mbuzi wakiingia zizini, mvue, mwoshe, mwache arushe miguu. Ukimaliza kukamua, mvishe. Hakukosea hata siku moja.

Kabla ya kuondoka mjini niliomba jambo moja: tarehe zetu zifuate lori. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akachukua kadi, akaandika aje siku yoyote atakayofika. Lilikuwa jambo dogo hivyo, na hakuna aliyewahi kuliomba kwa sababu wengi wetu pale tulikuwa tunaitikia tu kwa Kimaasai.

Mwaka wa ukame, 2022, tulihama na mifugo iliyobaki, na mkanda wa kiatu cha kulia ukakatika huko porini. Usiku mbili alilala bila viatu. Usiku wa tatu mume wangu, yuleyule, alitembea hadi mnadani kwa fundi wa katambuga. Fundi akakata ukanda wa tairi, akaupigilia misumari miwili, akaikunja ncha isimchome mtoto. Kliniki walipouona wakacheka, wakaukagua, wakasema uacheni.

Sasa anachunga ndama. Akikimbia, mguu wa kushoto unaburuza kidogo vumbi, hasa akichoka. Ukimtazama haraka huoni. Viatu nimevitundika ukutani, chuma na mkanda wake wa tairi, kwa kuwa watu huja kuvitazama.

Mwezi uliopita alikuja binti kutoka mlima wa pili na kichanga cha wiki 3 shukani. Alianza kuifungua shuka anionyeshe miguu. Nikamwambia ngoja kwanza, ukae. Umekuja na gari gani, na Arusha una ndugu?