Darasa la dini ya Kihindu Upanga: tulivyolipanga mpaka likashika

Mitaani Dar es Salaam neno "Mhindi" limebeba watu wengi: Ismailia, Bohora, Ithnaasheri, Mgoa Mkatoliki, Sikh na Mhindu. Sisi ni hao wa mwisho, na ndani yetu mna Walohana, Wapateli, Wabhatia, Wavaniya, na siku hizi familia za Kitamil na Kitelugu zilizokuja kwa mikataba ya kazi. Tulipokaa kupanga darasa la dini la watoto, kikwazo cha kwanza kilikuwa hatujijui tuko wangapi. Sensa haijauliza dini tangu 1967, na daftari la hekalu lina majina ya wanaofika hekaluni, yaani wale ambao hawahitaji kutafutwa.

Tukajihesabu wenyewe kwa njia ya sokoni. Muuza mboga wa Soko la Kisutu anajua nyumba inayonunua majani ya uwatu kila wiki, na mwenye duka la viungo anamjua anayechukua samli na tambi za pamba kabla ya sikukuu. Hatukuwaomba watutajie wateja wao, tuliwaomba wawape karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa na maswali matano tu: watoto na umri wao, lugha ya nyumbani, mtaa wa shule, kama yupo mzee anayeishi peke yake, na namba ya simu. Mwanzoni tuliweka na swali la kipato. Fomu hazikurudi. Tulipolifuta, zikaanza kurudi.

Uamuzi uliobeba kazi yote ni wa lugha. Madarasa ya zamani yalikuwa ya Kigujarati mwanzo hadi mwisho. Mtoto wa Kitelugu anakaa pale kama mgeni, na mtoto wa Kigujarati mwenyewe ana Kigujarati cha jikoni, kinamtosha kuomba chapati lakini hakimtoshi kueleza kwa nini bibi yake amefunga. Sasa shloka, yaani beti za maandiko, husomwa kwa Kisanskriti, hadithi husimuliwa kwa Kigujarati au Kiingereza kulingana na kundi, na maelezo lazima yamalizikie kwenye Kiswahili. Mtoto akishindwa kulieleza jambo kwa Kiswahili, tunahesabu kwamba hajalielewa, kwa sababu Kiswahili ndicho atakachoulizwa nacho shuleni, kwenye daladala na uwanjani. Wazee walihofia Kigujarati kitapotea, na hofu yao ina haki. Tukaweka dakika 20 za kakko, alfabeti ya Kigujarati, baada ya darasa kwa anayetaka.

Kuna maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari, na mwalimu asiyatumie. Karma si kudura. Kudura imetoka kwa Mwenyezi Mungu, karma ni tendo lako na mazao yake, kwa hiyo tunaieleza kwa kusema "matendo na mavuno yake". Moksha, kufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa, si pepo. Swarga, mbingu yetu, ndiyo iliyo karibu na pepo, na hata hiyo ina mwisho, mtu hurudi akishamaliza thawabu zake. Avatar si mtume, kwa kuwa mtume anatumwa na avatar ni Mungu mwenyewe kushuka. Maneno karma, moksha, avatar na dharma (wajibu na mwenendo wa haki) tumeyaacha kama yalivyo, mtoto ayajifunze kwa mfano. Ila mala ni tasbihi ya punje 108, na ukisema hivyo darasa zima linaelewa papo hapo.

Vifaa vya ibada ndivyo vilivyotufurahisha, kwa sababu Pwani imekuwa na majina yake siku zote: samli, udi, ubani, iliki, zafarani, tambuu, popoo, liwa kwa msandali uliosagwa. Tulsi tunamtambulisha kama ndugu wa mrehani. Kafuri ina tahadhari yake. Kwa Kiswahili ni karafumaiti, na jirani Mwislamu anaijua kwa kuoshea maiti, kwa hiyo harufu yake ikitoka kwenye fleti jioni watu huja kuuliza nani amefariki. Mtoto anafundishwa kusema mapema kwamba kwetu huwashwa kwenye taa ya ibada.

Katika matamshi ndipo tulipopoteza muda mwingi kabla ya kugundua kosa liko wapi. Mtoto aliyezoea kusoma Kiswahili akiona "dharma" kwa herufi za Kirumi anatoa dh ya dhahabu. "Artha" anaipa th ya thamani, kh inakuwa ya kheri na gh ya ghali. Sauti hizo nne hazimo katika Kisanskriti. Kinachotakiwa ni d, t, k na g zilizosindikizwa na pumzi. Kata utepe wa karatasi laini, upana wa vidole viwili na urefu wa kiganja, uushike mbele ya midomo kama sentimita 5. Mtoto akisema "ka" utepe utulie, akisema "kha" upepee. Kwa gh na dh utepe husogea kidogo tu, kwa hiyo hapo aweke vidole kooni asikie mtetemo ukiendelea mpaka ndani ya irabu. Pumzi hiyo si ngeni huku: wazee wa mwambao bado wanatofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwayo. Kosa la pili ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto anaibebesha kila shloka mkazo huo. Tunapiga makofi: irabu ndefu makofi mawili, fupi moja.

Kwa kuhifadhi tulichagua sura ya 12 ya kitabu chetu kitakatifu, Bhagavad Gita, kwa kuwa ni fupi, shloka 20, na inahusu bhakti, yaani kumpenda Mungu kwa moyo wa ibada, jambo ambalo mtoto analiona nyumbani. Kuna na sababu nyingine. Shloka zake zina silabi 32, zimepangwa katika mishororo miwili ya mizani 16, kila kipande mizani 8. Hiyo ni mizani ileile ya mshororo wa tarbia. Mtoto aliyefundishwa mashairi darasani kwake huhesabu kwa vidole na kuona mwenyewe kipande kinaishia wapi, na mahali hapo ndipo anapovuta pumzi. Tunakwenda shloka moja kwa Jumapili, na kila shloka ya nne ikishashikwa, Jumapili inayofuata ni ya kurudia tu. Tulipojaribu mbili kwa wiki, watoto wa miaka 9 walizisema vizuri mwezi huo na kuzisahau mwezi uliofuata.

Darasa ni Jumapili saa 4:00 hadi saa 5:15 asubuhi, kwa sababu Jumamosi imeliwa na tuisheni. Sala dakika 10, shloka 15, hadithi 20, maswali ya shuleni 15, kazi ya mikono 10, aarti (ibada ya taa) 5. Makundi ni matatu: miaka 5–8, 9–12, na 13 kwenda juu. Mwalimu mmoja asizidishiwe watoto 12. Kabla ya aarti mtu azime pangaboi, maana upepo wake huzima taa au kulaza mwali upande wa nguo za watoto, na ndoo ya mchanga iwe mlangoni.

Maswali ya shuleni ndiyo dakika 15 nisizokubali zikatwe. Mashuleni masomo ya dini yenye mtihani wa taifa ni ya Kikristo na ya Kiislamu, mtoto wetu hukaa maktaba kipindi hicho, kisha anatoka nje anakutana na "mbona mnaabudu ng'ombe?" Jibu lake lisizidi sentensi tatu, liwe kwa Kiswahili, na lisitaje dini ya mwingine hata kwa wema, kwa sababu hapo mazungumzo hugeuka mashindano. La ng'ombe ni hili: "Hatumwabudu kama Mungu. Tunamheshimu kama mama, kwa kuwa tunakunywa maziwa yake. Ndiyo maana hatumli." La sanamu: "Murti ni mahali pa kumwelekezea Mungu macho na moyo. Kabla ya kuanza kuabudiwa hekaluni hufanyiwa ibada ya kumwomba Mungu awepo. Bila ibada hiyo ni jiwe la kuchongwa tu." Wapo pia wanaotupiwa methali ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa". Tunawaeleza watoto kwamba Baniani limetokana na vaniya, jina la wafanyabiashara wa Gujarat, na kwamba kununa hakusaidii. Mtoto akishajua asili ya neno, halimchomi sana.

Jambo jingine lililotugharimu ni kalenda. Kalenda za ukutani huchapwa India, na watu hufunga ekadashi, tithi ya 11, kwa tarehe iliyoandikwa pale. Tithi, yaani siku ya mwezi mwandamo, ni pembe: kila mwezi unapoliacha jua kwa nyuzi 12, tithi imekamilika, na hilo hutokea kwa wakati mmoja duniani kote. Lakini siku hupewa jina la tithi iliyopo jua linapochomoza mahali ulipo, na Dar jua huchomoza baada ya Ahmedabad, jiji la Gujarat, kwa kama saa moja na nusu mwezi Januari, na kupita saa tatu mwezi Juni. Chukua ekadashi inayokwisha saa 11:00 alfajiri ya Juni kwa saa zetu. Ahmedabad jua limeshachomoza ekadashi ikiwepo, kwa hiyo kwao ni siku hiyo. Kwetu jua linatoka saa 12:30, tithi imeshageuka ya 12, na ekadashi yetu ilikuwa jana. Programu nyingi za simu za panchang (kalenda ya Kihindu) zina sehemu ya kuchagua mji. Chagua Dar es Salaam, usiiache kwenye mji uliokuja nayo. Kila mwezi tunatoa ukurasa mmoja wenye tarehe za hapa, unabandikwa hekaluni na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Majira nayo yanataka mwalimu aliyejiandaa. Vitabu vinasema sikukuu ya Makar Sankranti, tarehe 14 Januari, baridi inaanza kuondoka. Dar siku hiyo kaskazi inavuma na joto halivumiliki. Mwezi wa Shravan wa vitabuni ni wa mvua, Shravan yetu ni kipupwe, na Holi, sikukuu ya rangi, huja masika yakibisha hodi. Ukisoma kama ilivyoandikwa, mtoto ataamini dini yake ni ya nchi nyingine. Kwa hiyo tunasema wazi: huko ni hivi, hapa ni hivi. Kishada cha Sankranti hapa kinapaa vizuri kwa sababu ya kaskazi, na Diwali huangukia vuli, kwa hiyo rangoli, michoro ya rangi ya sakafuni, ichorwe barazani chini ya paa.

Nazi ya kalash, chombo cha maji ya ibada, imeharibu puja (ibada) nyingi. Inatakiwa nazi kavu yenye kishungi cha makumbi juu, na muuza nazi wa hapa hufua yote kwa mazoea, akidhani anakusaidia. Mwambie kabla hajashika panga: "Niachie kishungi." Chini yake ni chombo cha shaba chenye maji na majani matano ya mwembe yasiyotoboka.

Diwali si sikukuu ya kitaifa Tanzania. Wiki mbili kabla, mzazi anapeleka shuleni barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, yenye tarehe, jina la ibada na ombi la siku moja. Barua iliyoandikwa "sababu za kifamilia" huzaa maswali, iliyotaja ibada kwa jina hupita. Kwa watoto wa mitihani ya taifa hatuombi kitu, mtihani hausogei. Puja yao hufanywa jioni, na wanalala mapema.

Msaada kwa familia tuliuunganisha na darasa, kwa kuwa mwalimu ndiye anayeona mtoto ameacha kuja. Mara nyingi si uvivu, ni nauli, au mama ni mgeni na anaogopa kutoka peke yake. Mfuko una namba ya simu ya kikundi, si ya mtu binafsi, watia saini ni watatu na kutoa fedha kunahitaji wawili wao. Hesabu hutolewa kila mwezi kwa namba za familia, bila majina. Chakula hakigawiwi hekaluni mbele za watu: tunalipa dukani, familia inakwenda kuchukua mchele, dengu, unga na mafuta kama mteja mwingine. Wafadhili wengine hutaka picha ya anayepokea. Tumekataa, na wawili watatu wameondoka.

Masika yanapokata Barabara ya Morogoro pale Jangwani, watoto wa ng'ambo hawafiki. Kuanzia Machi hadi Mei tuna darasa la pili kwenye nyumba ya mzazi upande wao. Linaendeshwa na vijana wa miaka 15 na kuendelea wakiwa na kadi ya somo, ukurasa mmoja: shloka moja, hadithi moja, zoezi moja, swali moja la shuleni. Kadi hizo ndizo zilizotuokoa pia walimu walipohamia Uingereza au Canada katikati ya muhula, kwani aliyeingia alianzia palepale.

Ukurasa wa mwisho tunaoipa kila familia ni wa msiba. Wageni wengi hawajui waanzie wapi, na saa za kwanza ndizo ngumu. Una namba nne za simu kwa mpangilio wa kupigiwa, kisha hatua: hati ya daktari ya sababu ya kifo, kibali, taarifa RITA kwa ajili ya cheti cha kifo, ubalozi kama marehemu ana pasipoti ya India, halafu mahali pa kuchomea maiti na pandit (kuhani wa Kihindu). Chini kuna mstari mmoja kuhusu watoto: watakaa kwa nani siku hiyo, jina liandikwe sasa. Tunawaomba waubandike ndani ya mlango wa kabati la jikoni, mahali ambapo hata jirani anaweza kuukuta.