Njia ya meli Baltimore imefunguka yote

Jamani, leo Juni 10, 2024, hapa bandari ya Baltimore, Marekani, meli zinapita tena bila kubanana!

Kwa msiofuatilia: usiku wa kuamkia Machi 26, meli ya mizigo Dali ilikatikiwa umeme ikagonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Daraja likaporomokea mto Patapsco. Mafundi sita waliokuwa juu wakiziba mashimo ya barabara wakafariki. Sisi madereva wa makontena tukabaki tunatazamana.

Leo tumetangaziwa: njia imerudi upana wake wa futi 700, kina futi 50. Honi zilipigwa hapa hadi nikashindwa kusikia simu.

Ila mimi nawawaza wapiga mbizi waliosaidia kuondoa mabaki ya daraja majini.

Maji yale ni tope tupu, taa haisaidii kitu. Walikuwa wanapapasa vyuma kwa mikono, huku wenzao juu wakiwaelekeza kwa redio, wakitazama picha zilizochorwa kwa mawimbi ya sauti. Vyuma vimejikunja, vimelaliana, kimoja kikiachia kinaweza kumbana mtu. Na lazima ajue kipi kimeshika kipi kabla kreni haijanyanyua.

Tani kama 50,000 za chuma na zege zimetoka hivyo, kipande kwa kipande.

Na wale sita walitafutwa hadi wa mwisho akapatikana, mwezi Mei. Kwa hilo nawaheshimu mno.

Kesho alfajiri niko foleni getini. Wenzangu wa bandarini, habari imewakuta wapi? Mwenye ndugu kwenye vikosi vile, naomba amfikishie asante yangu.