Ibada ya Saa Tano

Kanisa letu la Nyalenda, Kisumu, lilikuwa na ibada mbili. Ya saa tatu ilikuwa ya Kijaluo, na watu walijaa hadi mlangoni. Ya saa tano ilikuwa ya Kiswahili, na hiyo ndiyo niliyokabidhiwa mimi, fundi baiskeli kutoka Bunyore, mwinjilisti asiye na mshahara. Watu wangu walikuwa mchanganyiko: Wakisii wa sokoni, Waluhya wenzangu, Wakikuyu wenye maduka, manesi waliohamishiwa mjini, na vijana wa Kijaluo walioona mahubiri ya saa tatu ni marefu mno. Tukiwa wengi tulifika sitini.

Matokeo ya uchaguzi wa urais yalitangazwa Jumapili jioni, tarehe 30 Desemba 2007: Kibaki, Mkikuyu, alitangazwa kumshinda Raila, Mjaluo, na mjini kwetu hasira ikawageukia Wakikuyu. Yaliyofuata sitayarudia, aliyekuwa Kisumu anayajua. Mimi nitasema habari za benchi moja tu, la pili upande wa kushoto. Hapo alikaa mzee wetu wa kanisa, Mkikuyu, na mkewe na watoto wanne. Walilala kituo cha polisi siku kadhaa, kisha wakapandishwa lori kwenda Nakuru. Niliwapelekea blanketi na mkebe wa maji pale kituoni, na kabla ya jua kutua vijana wa mtaa walikuwa wameshanipa jina: msaliti. Wateja wakaanza kupitiliza na baiskeli zao hadi kwa fundi wa mbele. Hilo niliweza kulivumilia. Kilichonikata maini ni kwamba kanisani hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Uliwaachaje?"

Kamati ikapendekeza ibada ya saa tano "ipumzike kidogo". Wiki hiyo upinzani ulikuwa umeitisha maandamano ya siku tatu, tarehe 16 hadi 18 Januari, na usiku tulilala sakafuni tukisikiliza risasi. Ijumaa nikaandika barua ya kujiuzulu, ukurasa mmoja, kwa heshima zote. Nilipanga kuisoma Jumapili wakati wa matangazo, nifunge mlango, nimrudishie katibu funguo, niende zangu Bunyore nikalime.

Jumapili ya tarehe 20 nilipanga mabenchi kama kawaida. Sijui kwa nini niliyapanga yote. Saa tano ikapita. Saa tano na nusu, hakuna mtu. Ndipo akaingia Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, kama tulivyomwita sote, bibi muuza omena, dagaa wa ziwani, ambaye asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemwona akitoka ibada ya saa tatu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kutaja bei ya gorogoro, mkebe wa kupimia. Akaenda moja kwa moja akakaa benchi la pili, upande wa kushoto.

"Dani, si umeshasali?"

"Nimesali ya kwangu. Sasa hii ni ya hao wengine. Mwalimu, anza."

Nikataka kuomba kwa kifupi tuachane. Alikataa. Akataka wimbo, nami nikaimba Kiswahili, yeye akaimba ule ule kwa Kijaluo, akiniacha nyuma kila beti. Akataka somo. Nikahubiri dakika kumi mbele ya mtu mmoja, na nawaambia, ni kazi ngumu kuliko kuhubiria mia: huna pa kuficha macho. Ile ahadi ya Yesu, kwamba walipo wawili watatu kwa jina lake naye yupo, ilinijia, lakini sikuitaja. Tulikuwa wawili, na mmoja wetu alikuwa na barua mfukoni.

Nikainua mkono kutoa baraka. Dani akanizuia.

"Matangazo iko wapi?"

Nikasoma: mazoezi ya kwaya yamesimama, wagonjwa ni fulani na fulani. Barua nilikuwa nayo mkononi tayari, imekunjwa mara nne.

"Hakuna ingine?" akauliza.

Akaniangalia vile anavyomwangalia mteja anayetaka kukopa.

"Hakuna, Dani."

"Haya. Sadaka."

Akafungua fundo la leso, akatoa sarafu ya shilingi 20, akaiweka kikapuni. Omena yake ilikuwa inaozea nyumbani. Malori ya Nairobi hayakuwa yanafika. Nilipokitwaa kikapu akasema sheria ya kanisa ni sadaka ihesabiwe na watu wawili. Kweli, ndiyo sheria. Basi tukasogea mezani, tukaimwaga ile sarafu moja, akaihesabu yeye, kisha nikaihesabu mimi.

"Kesho kutwa wakirudi," akasema akiivuta leso, "wapate hii ibada imekufa, watakaa wapi? Kwetu hawasikii lugha."

Nikafungua daftari. Januari 20, ibada ya pili. Waliohudhuria: 2. Sadaka: sh. 20. Mhesabu wa kwanza, sahihi yangu. Kwenye mstari wa mhesabu wa pili Dani alichovya kidole gumba kwenye kidau cha wino wa mihuri, akakibonyeza taratibu, akapuliza ili wino ukauke.

"Jumapili ijayo," akasema, "mimi nitakuja na wajukuu. Wewe lete ngoma."